Prosesa Mbili, Saa Mbili

Shemeji yangu Russell ni mtu wa kuokoteza. Ile prosesa ya pili, yaani ubongo wa kompyuta, aliipata kwenye mnada wa vitu chakavu mjini Ballarat, akaipachika kwenye kompyuta ya kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, kando ya ile ya zamani. Jina moja, kiwanda kimoja, toleo tofauti. Kila tukiiwasha, skrini ilituonya kwamba prosesa hizo hazilingani.

"Bonyeza endelea, Glenys," alisema. "Itakaa sawa."

Huku kwetu neno hilo linatosha kufunga mjadala wowote. Ukibisha, unaonekana mchawi wa furaha za watu.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wetu walikaa, ila kila mmoja alihesabu muda kivyake. Kukiwa na joto, mmoja alichelewa kwa dakika nzima, hata mbili. Niliwahi kuona ujumbe wa redio ulioingia baadaye ukiandikwa saa ya nyuma kuliko ule uliotangulia. Nikamwonyesha.

"Shemeji, wewe unahesabu dakika kama mkaguzi wa reli," akacheka. "Nitaitazama wiki ijayo."

Wiki ikapita, sikumkumbusha. Hilo ndilo kosa langu, na silipambi.

Jumanne ile ya Februari joto lilifika nyuzi arobaini na mbili. Moto ulikuwa nyuma ya kilima, na binti yangu Tamsin alikuwa akiendesha gari la kwanza. Russell alikaa redioni, akiandika kila amri ya kamanda daftarini kisha kwenye kompyuta, nayo ikizipanga kwa saa, mpya juu. Nilipofika kumpokea zamu, alikuwa tayari mlangoni, akikimbilia gari la pili.

"Zote zimo humo," akasema, akaondoka.

Hata sijakaa vizuri kitini, Tamsin akaita.

"Mama, tuko njia panda. Redio ya kamanda inakatika. Amri ya mwisho ni ipi?"

Nikasoma ya juu kabisa. "Pandeni njia ya kilimani, mkalinde nyumba."

"Sawa, mama."

Ndipo macho yakashuka kwenye mstari wa pili. Msipande. Upepo umegeuka, sasa unatoka kusini-magharibi na kusukuma moto njiani. Rudini. Saa yake ilikuwa dakika moja tu nyuma ya ule wa juu.

Kamanda hawezi kuagiza watu wapande baada ya upepo kugeuka. Daftari la Russell lilikuwa pembeni, mwandiko wake wa kukurupuka: pandeni, kisha chini yake, msipande.

Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Tamsin, geuza. Geuza sasa hivi, mwanangu. Amri ni kurudi."

Redio ilikwaruza muda mrefu. Kisha sauti yake ikaja, tulivu, kama anayeniuliza chumvi iko wapi.

"Tumeshaingia kwenye njia nyembamba, mama. Hapa hapageuziki. Si umesema tupande?"