Mama wa Novio Jukwaani

Novio aliandika vichekesho vyetu hapa Roma, nami nilivipigia filimbi. Kila alipomaliza kimoja aliniambia mama yake angekipenda. Mama alikuwa Umbria, milimani, na hawakuonana tangu Novio awafuate waigizaji akiwa na miaka kumi na mitano.

Mwaka mmoja alimwandika mama mwenyewe kwenye mchezo: bibi mkali anayegombana na kuku kama anagombana na wakwe. Akatuma ujumbe aje sikukuu ya mungu Jupita. Mchezo ukachezwa, watu wakacheka hadi wakaegemeana. Novio alitazama njia tu. Mama hakufika.

Alifika kesho yake, sadaka ya kufunga sikukuu ikiandaliwa, vumbi hadi magotini, jibini kwapani. Punda wake alikuwa amechechemea njia nzima. Mafundi walishashika nyundo kubomoa jukwaa, na kwetu mchezo ukishachezwa sikukuuni, basi, haurudiwi.

Nilikuwa nimesimama kando ya kuhani, nikipiga. Filimbi haitakiwi kukatika wakati wa sala. Ikikatika hata kidogo, miungu haijapokea kitu na michezo yote hurudiwa. Nilimwona Novio amepiga magoti, akimfuta mama yake miguu. Nikaishusha filimbi.

Kuhani akageuka. Nikamwambia pumzi imeniishia.

"Pumzi gani, wewe mwenye mashavu kama mitungi?"

Hekaluni sikuruhusiwa kupiga tena tangu siku hiyo. Lakini mchezo ulirudiwa, na mama akaketi mbele, kati yangu na Novio, kwani safari hii mpiga filimbi mwingine ndiye aliyepiga.

Kilatini, lugha ya mchezo, mama alijua salamu tu. Watu walicheka, yeye akawatazama tu waigizaji, na Novio akawa anajisokotasokota vidole. Kisha bibi wa jukwaani akapandisha gauni na kumkimbiza jogoo huku na huko. Mama akamshika mwanawe mkono, akasema kwa lugha yao, ambayo Novio alinitafsiria baadaye:

"Yule mimi."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe ndivyo unavyonikumbuka. Kuku sina tena, mwanangu. Magoti hayawezi. Njoo nyumbani unione nilivyo sasa."

 Novio akaushika ule mkono mpaka mwisho, huku Roma nzima ikimcheka yule mama wa zamani, ambaye wote wawili walitamani arudi.