Masika wa Nani

Watu wa kabila la Wanande hawafichi kitu kwenye majina yao. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavugho, uwe umezaliwa Butembo, Goma ama juu ya lori la maharagwe. Basi ukikutana na Kavira ambaye ndiye mkubwa nyumbani kwao, shika adabu, usiulize mara mbili. Kuna Masika mahali. Ama amekufa, ama amepotea.

Kavira wa Katindo, mtaa wa Goma, alilijua hilo tangu akiwa mdogo. Mama yake, Thérèse, aliolewa kwanza Bunagana, akamzaa Masika. Vita ilipofika pale, Thérèse alikuwa amekuja Goma kuuza maharagwe, na mtoto wa miaka miwili amemwachia bibi. Bibi akambeba mgongoni akavuka mpaka kuingia Uganda pamoja na umati. Mume akauawa. Baadaye ikaja habari kwamba bibi amefia kambini, na mtoto vilevile. Thérèse akalia mpaka akachoka, akaolewa tena Goma na mtu anaitwa Gauthier, akamzaa Kavira, na baadaye sana Kavugho. Kila mwaka siku ya marehemu aliwasha mshumaa wa Masika.

Na Kavira, tuseme ukweli, alimpenda sana dada yule. Dada aliyekufa hana matata. Hali tonge kwenye bugari yako, havai nguo yako.

Kisha Gauthier akaenda Beni kwa biashara, akapata mwanamke huko, hakurudi tena, na huyo ndiye baba, basi, tumeshamaliza habari yake. Siku ile Thérèse alimwita Kavira, wakati huo ana miaka kumi na tatu, akamwambia, "Sasa ni mimi na wewe." Maneno matano tu. Kavira aliyaweka moyoni kama mtu anavyofunga hela kwenye pindo la kitenge. Akawa anaamka alfajiri kupokea magunia ya makala, yale makaa ya kupikia, anapanga mafungu kando ya barabara, ndipo anaoga na kukimbilia lise yake, shule ya sekondari kule Himbi. Jioni wateja wakimwita mama yake, "Mama Kavira! Makala!" yeye alijisikia amelipwa.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo Bunagana ikaanguka tena, na watu wakamiminika Goma na magodoro kichwani.

Mwezi wa nane msichana mmoja alisimama mbele ya makala, bidon ya njano ya kuchotea maji mkononi, akauliza kama pale kuna Mama Thérèse aliyewahi kukaa Bunagana. Thérèse alimshika kichwa kwa mikono yake miwili myeusi kwa makala, akamgeuza, akaangalia nyuma ya sikio la kushoto. Kovu lilikuwepo, lile la chungu cha maharagwe kilichomuunguza akiwa mchanga. "Yee Mungu wangu! Yee Mungu wangu!" Alipiga kelele mpaka wenye pikipiki wakasimama. Msichana alikuwa amelelewa na shangazi upande wa Uganda, amerudi Bunagana akiwa mkubwa, na vita imemfukuza mpaka kambi ya Kanyaruchinya. Watu walilia barabarani. Kavira naye alilia, na siwezi kukuapia kwamba yalikuwa machozi ya furaha.

Kesho yake akaja Mwavita, mke wa askari wa kambi ya Katindo, mteja wa kila siku, mdomo kama redio. "Mama Masika, nipe fungu mbili!"

Hakuwa na ubaya. Ndivyo ilivyo kwetu: mama anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wa kwanza amerudi. Lakini Kavira alijisikia amevuliwa nguo mbele za watu. Kufika Jumapili mtaa mzima ulikuwa umehamia jina jipya. Papa Donat, kiongozi wa shirika la parokia, alifungua daftari lake, akafuta "Mama Kavira" kwa kalamu ya bik nyekundu, akaandika "Mama Masika" kwa mwandiko mzuri kabisa. Kilichomchoma Kavira zaidi si hao. Ni kwamba mama yake aliitika. Mara ya kwanza tu, bila kusita, "Eeh, karibu!" Utadhani miaka kumi na sita alikuwa amekaa tayari kuitwa hivyo.

Wivu ni kidonda, wazee walisema, ukishiriki utakonda. Kavira alikonda. Masika ndiye alilala sasa kitandani kwa mama, ati mgongo wake umeharibiwa na mawe ya kambini. Masika ndiye alipewa kitenge kilichotunzwa kwa ajili ya Noeli, kile cha ndege wa bluu ambacho Kavira alikuwa anakipigia hesabu tangu mwaka jana. Hata Kavugho, mutoto wa miaka sita asiye na shukrani, alianza kudai asukwe na Masika tu. Na ubaya wenyewe ni kwamba Masika alikuwa mtu mzuri. Angekuwa mvivu, mwizi, mwenye kiburi, ingekuwa nafuu! Aliosha, alisonga bugari laini, alimwita Kavira "mdogo wangu" kwa sauti ya upole ambayo ilimfanya Kavira atamani kumrushia sufuria.

Siku moja Kavira alirudi kutoka shule akawakuta wawili hao kwenye makala, wanacheka. Mama yake alikuwa hajacheka hivyo tangu Gauthier aondoke.

"Mama, niache nipange mimi," Kavira alisema, akitupa kalamu na madaftari.

"Acha, dada yako amemaliza. Enda ukasome."

Enda ukasome! Zamani alikuwa akilia apewe nafasi ya kusoma. Leo amepewa, akaenda nyuma ya nyumba akalia tena.

Mwezi wa kumi Thérèse alienda Sake kutafuta magunia, siku mbili. Kavira alikuwa ameshayapanga maneno yake, na aibu yake ni kwamba aliyapanga kanisani, wakati padri anahubiri. Alimkuta Masika anaosha vyombo.

"Dada, Mama ameshindwa kukuambia mwenyewe. Watu wanasema wewe umetoka kwa waasi, umekuja kuhesabu askari wa kambi. Wakija kukukamata watatubeba wote. Mama anaomba urudi Kanyaruchinya."

Mwaka ule, katika mji ule, neno kama hilo liliweza kumuua mtu. Kavira alilijua na alilisema.

Masika aliacha kusugua. "Mama mwenyewe amesema?"

"Mwenyewe."

Masika alimaliza kuosha sufuria iliyokuwa mkononi. Akaifudikiza ili ikauke, akakunja kitenge cha ndege wa bluu akakiweka juu ya kitanda cha mama, akachukua bidon yake ya njano, akaenda.

Thérèse aliporudi, kitu cha kwanza kilikuwa, "Masika yuko wapi?"

"Ameondoka. Alisema amechoka na maisha yetu."

Kavira alikuwa amejiandaa kwa maswali, hata kwa fimbo. Mama yake alikaa tu juu ya gunia. "Ni haki yake," alisema. "Mimi ndiye nilianza kumwacha."

Sasa sikiliza maajabu ya wivu. Kavira alidhani mambo yatarudi kama zamani. Nani alikudanganya, binti? Wateja waliendelea, "Mama Masika! Makala!" na Thérèse aliendelea kuitika, sauti chini, macho yametazama barabara ya kaskazini, ile ya kwenda Kanyaruchinya. Kavira alimkabili Mwavita: "Anaitwa Mama Kavira." Mwavita alicheka mpaka akashika mbavu. "Mutoto huyu! Jina la mama ni kandambili, unalivua unalivaa?" Nyumbani Thérèse alipakua chakula cha watu wanne, kisha akarudisha cha mmoja kwenye sufuria. Kila jioni. Dada aliyekuwepo alimchukua mama nusu. Dada aliyeondoka alimchukua mzima, na Kavira alimwonea wivu zaidi kuliko alipokuwa akila naye sahani moja.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja bunduki kubwa zikaanza kusikika toka Kibumba. Watu wakasema vita inashuka, Kanyaruchinya itakanyagwa, na kipindupindu kimeshaingia kambini. Asubuhi ile Kavugho alikuwa anaungua kwa homa. Thérèse alivaa viatu aende kumtafuta Masika, akagusa paji la mtoto, akavua viatu. Akavaa tena. Akavua. Kavira alimtazama mama yake akihangaika na viatu vile mara nne, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane alimhurumia mtu mwingine, si nafsi yake.

"Nitaenda mimi," alisema.

Kambi ilikuwa nyeupe kwa mabache, maturubai ya wakimbizi, juu ya mawe meusi ya volkano, mpaka macho yanachoka. Watu wengine walikuwa wanafunga mizigo tayari. Kavira alielekezwa kwa mkuu wa bloc moja, yaani sehemu moja ya kambi, Papa Hilaire, mzee mwenye koti la mvua na filimbi shingoni.

"Muzee, namtafuta Masika."

"Masika!" Papa Hilaire alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, ukirusha jiwe hapa litampiga Masika. Kwenye bloc yangu peke yake wako saba. Masika wa nani?"

"Wa Mama Kavira. Wa Katindo."

Mzee alitikisa kichwa. Kavira akapita katikati ya mabache akiita, "Masika wa Mama Kavira! Masika wa Mama Kavira!" Akatoka Masika mmoja mwenye mapacha, akatoka Masika mwingine bibi kizee asiye na jino. Wakaangaliana, hakuna anayemjua mwenzake. Bunduki ililia tena, karibu kidogo, na sauti ya Kavira ikaanza kukatika.

"Mama Kavira hatumujui," bibi kizee alisema. "Lakini iko musichana mumoja anatuchosha masikio kwenye maji. Kila siku: mama yangu ni Mama Masika, anauza makala Katindo, watu wote wanamuita kwa jina langu. Kila siku!"

Kavira alisimama. Angeweza kurudi nyumbani akasema hakumwona, nani angejua? Wazo lile lilimjia, na mimi sitalificha. Kisha akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zote, jina lile ambalo ulimi wake ulikuwa umeligomea miezi mitatu:

"Masika wa Mama Masika!"

Kwenye foleni ya maji kichwa kimoja kikainuka.

Alikuwa amekonda. Bidon ya njano ilikuwa miguuni pake. "Mama amekutuma?" aliuliza haraka, na matumaini usoni yalikuwa makubwa mno kuyaangalia.

"Mama hakukufukuza. Hata siku moja. Ni mimi. Nilisema uongo."

Masika alisukumwa na mtu wa nyuma, akasogeza bidon kwa mguu. "Nusu nilijua," alisema hatimaye. "Hiyo nusu nyingine ndiyo imenila. Miaka yote nilijiambia Mama hakunitupa, ni vita tu. Wewe, kwa neno moja, ukanitupa mara ya pili kwa mkono wake."

Kavira alishika mshikio wa bidon. "Rudi nyumbani, dada. Tafadhali. Vita inakuja."

"Nitarudi. Lakini utamwambia mbele yangu. Sitaingia tena nyumba ile kwa maneno ya nyuma ya mlango."

Walirudi kwa miguu pamoja na watu waliokuwa wameanza kukimbia, bidon katikati yao, kila mmoja ameshika upande.

Thérèse alikuwa kando ya barabara, Kavugho amelala mgongoni mwake, homa imepungua. Alipowaona alisimama na mikono ikabaki hewani. Kavira hakumpa nafasi ya kushangilia. Alisema yote: waasi, askari, kanisani, "mwenyewe", yote, mbele ya wapita njia, mbele ya Mwavita aliyekuwa amekuja na ndoo yake, akaiweka chini asikose hata neno moja.

Kofi lilitua. Lilikuwa la haki, na liliacha vidole vitano vyeusi vya makala kwenye shavu. Kisha Thérèse alimkumbatia Masika, akamwomba msamaha kwa vitu ambavyo havikuwa kosa lake, na Kavira akabaki amesimama pembeni na shavu lake, akijiambia, basi, nimemaliza, sina mama tena.

"Wewe, kuja hapa," Thérèse alisema.

Akaja.

"Ulipozaliwa, baba yako alitaka uitwe Masika. Alisema kwake wewe ndiye wa kwanza, na yule wangu ameshakufa, nifunge habari yake. Ndugu zake wote wakanikalia: muite Masika! Tuligombana wiki nzima, wewe huna jina. Nilikataa." Alifuta pua kwa kiganja, akajipaka makala. "Dunia yote ilikuwa imemfuta. Nikasema huyu ataitwa Kavira. Kila mutu akimuita atajua iko mukubwa wake. Miaka kumi na tano, Kavira, ni wewe ulikuwa unanishikia Masika. Ni wewe tu."

Kavira alifungua mdomo, akalia kama Kavugho. Masika akamshika mkono, si kwa upole sana, kwa sababu bado alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

Ng'ambo ya barabara mteja alikuwa amesimama na mfuko wake, hana habari ya lolote. "Mama Masika! Makala iko?"

Thérèse hakusikia. Mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa mabinti.

Kavira alipangusa uso. Wivu ulikuwa bado upo, usidanganywe, ulikuwa umekaa palepale kooni, mkavu kama tonge la bugari la jana. Aliumeza.

"Iko!" aliitika. "Ngoja kidogo. Mama Masika anakuja."