Ndege Hawapandi kwa Mstari

"Ndege hawapandi kwa mstari," alisema Pankrasi, na wajumbe wa baraza la kata wakaitikia kwa vichwa. Beata, mjane wa Fidelisi, akasogea mbele.

Tangu soko huria lianze, na mfanyabiashara mmoja kutafuta kiwanja cha mashine ya kusaga huku Ruhuwiko, shemeji yake huyu alikuwa amekumbuka ghafla kwamba shamba la marehemu Fidelisi, ndugu yake, lilikuwa la baba yao. Ushahidi wake ulikuwa mizambarau kumi na moja ya mpakani. Baba ndiye aliyeipanda, alidai. Beata akajibu kwamba hakuna aliyeipanda. Ndege kama shore na hondohondo walikula zambarau bondeni, wakaja kudondosha kokwa hapa. Watu walicheka. Na kweli, miti ilikuwa imenyooka mstari mmoja kama wanafunzi asubuhi.

"Shemeji, tusichoshane," Pankrasi akasema. "Andika, katibu: aliyepiga mstari huu ndiye mwenye shamba."

Tumpe, katibu wa baraza, akaandika. Akifunga daftari lile, Beata na wanawe wangefunga virago.

Mstari. Neno hilo lilimkaa Beata rohoni. Ndege hawapandi kwa mstari, sawa, lakini huwa wanatua wapi?

"Katibu, usifunge. Naomba panga."

Alichanja mti wa kwanza, usawa wa goti. Hakuna kitu. Wa pili, hakuna. "Mama Aidani, unaua miti bure," mjumbe mmoja akaguna. Akaupiga wa tatu kwa hasira zote za ujane wake, na panga likalia kwenye chuma. Ndani ya gome, mti ulikuwa umemeza kipande cha seng'enge chenye kutu.

"Hapa palikuwa na ua wa waya," Beata akasema. "Ndege wakishiba walitua juu ya waya, na, samahanini wazee, walijisaidia papo hapo. Bila shaka nguzo zililiwa na mchwa, waya ukaibwa. Mbegu zikabaki."

"Waya gani!" Pankrasi akafoka. "Mwenyewe nilimkataza, nikamwambia anazungushia nini na hata mbuzi hana!"

Mdomo huponza kichwa. Alijishika kinywa, ila maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Ulimkataza nani?" Tumpe akauliza.

Pankrasi akatazama chini. Wajumbe wote wakamgeukia.

"Fidelisi," akasema.

Tumpe akaliandika jina hilo chini ya maneno ya Pankrasi mwenyewe: aliyepiga mstari huu ndiye mwenye shamba.