Mwisho wa Wimbo wa Mumbua

Kila asubuhi, baada ya chai na kabla jua halijawa kali, Ellen Holmgaard alifunga madirisha ya nyumba yake pale Kathonzweni, akaimba wimbo uleule mmoja. Kwa nini alijisumbua na madirisha anajua mwenyewe, maana sauti ile iliwahi kujaza jumba la opera la Copenhagen bila kipaza sauti, sembuse nyumba ya mabati ya vyumba vitatu. Mbuzi wa jirani waliacha kutafuna. Ng'ambo ya ua, kina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walichimba matuta huku wakisikia kila kitu, tangu mwanzo hadi pale alipokatiza.

Maana alikatiza kila siku, na kila siku palepale.

Alikuwa binti wa mwoka mikate wa Aalborg, huko Denmark, na kwa sauti yake alipanda hadi akawa soprano, mwimbaji wa sauti ya juu, tena wa kutajwa. Miaka kumi na minane alikaa jukwaani. Aliletewa maua mengi kuliko vyombo vya kuyatilia, na magazeti yalimsifu mpaka babake akachoka kuyakata na kuyabandika ukutani. Kisha, mwaka 1964, katikati ya wimbo wa binti anayemuaga mchumba wake dirishani, alipanda kuifuata noti ya juu kabisa na sauti ikamkatikia. Watu elfu moja wakanyamaza. Hakuna hata aliyekohoa. Afadhali wangemzomea, angalau angekasirika. Kimya kile kilimmaliza. Hakuimba tena mbele ya watu. Mumewe Jens, fundi wa mabwawa, alipoitwa na kanisa kuja Ukambani miaka saba baadaye, Ellen alifunga mizigo kwa furaha. Huko nani angemjua?

Na kweli hawakumjua. Walimwita Mumbua kwa kuwa siku aliyofika mvua ilinyesha, na kwa watu wa Kathonzweni sifa hiyo ilizidi opera zote za Ulaya. Alijiunga na mwethya kuchimba bwawa, akabeba karai la udongo kichwani, vibaya mno, nusu ya mzigo ukimwingia shingoni. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini, naye akacheka kuwashinda.

Shida ilikuja bwawa lilipojaa, mwaka 1974. Kikundi kile kilikuwa na desturi yake: siku ya kufungua kazi iliyokwisha, kila aliyebeba udongo alitoa wimbo wake, mmoja mmoja, awe na sauti au asiwe nayo. Muthoki, mwanamke mrefu aliyewaongozea nyimbo shambani, akaja kumkumbusha.

"Mumbua, Jumamosi utatuimbia."

"Mimi nitapika chai," Ellen alisema haraka.

"Chai iko na wenyewe. Wewe ulibeba mchanga. Ukikataa kuimba ni kama unatuambia hiyo maji si yako."

Maji yale aliyapenda. Kila jioni alikwenda kuyatazama tu, kama mtu aliyenunua ng'ombe jana. Usiku ule alimsimulia Jens yote. Jens, katika wema wake, alimshauri aimbe kitu kidogo, labda wimbo wa watoto, na Ellen akamwangalia kana kwamba amemwambia aende harusini na kandambili. Ikiwa ni kuimba, angeimba ule ule uliomshinda. Na ukimshinda tena, basi hatafungua mdomo maishani, hata nyuma ya madirisha.

Jumamosi watu walijaa juu ya tuta. Mchungaji Mwangangi alifungua, sauti kavu kama bawaba ya mlango, akapigiwa vigelegele vya kutosha. Zamu ikafika kwa Ellen. Alisimama na gumbuti zake za mpira, akaanza. Watoto wakaachama. Wazee wakavua kofia bila kuambiwa. Wimbo ukapanda, ukapanda tena, kisha palepale sauti ikamkatikia.

Akakisubiri kile kimya alichokijua.

Hakikupata nafasi. Muthoki alidaka wimbo pale pale ulipokatikia, na wanawake arobaini wakamfuata, wakauteremsha taratibu, wakauzungusha mara tatu kwa kukanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, wakaufunga kwa kigelegele kimoja kirefu. Hakuna aliyesitasita. Ilikuwa wazi kwamba wameuimba hivyo mara mia.

"Huo mwisho mmeutoa wapi?" Ellen aliuliza.

"Si wewe ndiye unatuachia hapo kila siku?" Muthoki alimjibu, kama mtu aliyevumilia vya kutosha. "Jembe iko juu, wimbo imekatika! Tungefanya nini? Hapa kwetu wimbo haiachwi njiani. Tukaitafutia mwisho."

Ellen aliketi palepale kwenye tuta akacheka hadi machozi yakamtoka. Miaka mitatu mizima alijifungia ndani na aibu yake, na miaka mitatu mizima, kila alipoanguka, kulikuwa na watu nje wakimmalizia. Moyo wake ukawa mwepesi ajabu.

"Lakini wimbo wenyewe uko na mwisho wake mwingine," akasema.

"Basi tusikie."

Akasimama, akaanza upya. Alipofika palepale hofu ilikuja kama kawaida, lakini safari hii alijua kwamba akishindwa Muthoki yupo. Akapanda. Noti ikatoka. Haikuwa ile ya ujana, ilikuwa na mkwaruzo kidogo pembeni, lakini ilitoka, ikakaa juu ya maji mpaka pumzi yake ikaisha. Jens, matope magotini, alilia waziwazi bila kuona haya.

Vigelegele vilipotulia, Muthoki alitikisa kichwa akiupima wimbo.

"Ni mzuri," akasema. "Iko juu sana, lakini ni mzuri. Yetu ndiyo tamu zaidi."

Ellen alifikiri kidogo, kwa haki, kama msanii.

"Ni kweli," akasema. "Nifundishe."

Muthoki akavua viatu, maana mwisho ule hauimbwi bila kuikanyaga ardhi yenyewe, na Ellen akainama kuvua gumbuti zake.