Saruji Chini ya Kitanda

Usiku wa kuamkia leo niliota mfuko wa saruji ukiniamkia.

"Shikamoo, Mwalimu," ulisema kutoka uvunguni.

"Marahaba," nikaitikia, maana niliununua baada ya Pasaka, na mimi mwaka huu nastaafu.

Nyumba tunayolala ni ya shule. Nikistaafu, tunatoka. Kiwanja chetu kina msingi tu, na nyasi zimeshauzoea. Kila nikipata mshahara nanunua saruji kabla haijapanda tena, naisukumia chini ya kitanda. Mume wangu, Baba Tusekile, anasema tusianze ukuta mpaka kiinua mgongo kitoke, tumalize kwa mkupuo. Nami nimekuwa nikimsikiliza.

"Mwalimu," mfuko ukaendelea kwa adabu, "sisi tutastaafu kabla yako. Unyevu wa Tukuyu unatuingia. Mwenzetu wa ukutani ameshaacha kazi."

Nikampapasa huyo wa ukutani. Alikuwa jiwe. Niliumia sana, ila sikupata nafasi ya kuomboleza, kwa sababu chumba kilikuwa kimeshageuka kiwanja na jua limewaka.

Juu ya msingi wangu imesimama ngazi ndefu, na bei zinapanda. Bei ya sukari amejifunga khanga kiunoni. Bei ya mafuta ya kula anapanda bila kujishikilia. Mbele ya wote yuko bei ya bati, mwanamke mfupi mwenye kandambili nyekundu, anapanda huku anatafuna karanga.

"Shuka tuzungumze," namwambia.

"Sijawahi kushuka, Mwalimu. Labda unifuate."

Nagusa ngazi, inanikatalia. Inasema yenyewe ni ya bei tu, watu watafute njia yao.

Basi tunajenga. Mifuko iliyobaki inajifungua, mchanga unajikoroga, tofali zinajileta mkononi. Napanga safu moja, nasimama juu yake, napanga nyingine. Maisha yangu yote nimeshika chaki, sijui hata mwiko wa fundi unashikwaje, lakini ukuta unanyooka. Moyo unanidunda kwa furaha. Nacheka peke yangu juu kule, na bei ya sukari ananisogelea kuona kuna nini.

Chini anapita Kiinua Mgongo. Ni bahasha nyembamba yenye miguu. Ananiuliza kwa wasiwasi kama bado nitamhitaji.

"Njoo tu," namjibu. "Utashughulika na milango."

Anashusha pumzi. Alikuwa ameambiwa atabeba nyumba nzima.

Ukuta unapita madirisha. Nanyoosha mkono, namdaka bei ya bati mguu.

"Niachie, nina safari."

"Nipe bati kwanza, kwa bei ya hapa ulipo."

Anatazama juu, anatazama ukuta wangu, anatafuna karanga ya mwisho. "Leo tu," anasema, na mguu unachomoka.

Nikaamka kunapambazuka. Baba Tusekile alikuwa ameketi kitandani, ananitazama mkono. Nilikuwa nimeshika kandambili nyekundu, ndogo, ya kushoto. Soli yake ilikuwa na saruji mbichi.

"Ya nani hiyo, Mama Tusekile?"

"Ya bei ya bati."

Hakucheka. Alipiga magoti akaingiza mkono uvunguni, akawa anabonyeza mfuko mmoja mmoja. Ule wa ukutani aliugonga kwa kidole, akaugonga tena, kisha akakaa sakafuni. Nilidhani sasa ataniambia habari za kiinua mgongo. Badala yake alichukua simu akampigia Fundi Mwaisumo, akamwomba radhi kwa kumwamsha, akamuuliza kama leo ana nafasi ya kuanza ukuta.

Fundi alisema atakuja akishakunywa chai.

Mume wangu akaitazama tena ile kandambili.

"Chai utakunywa hapa," akamwambia. "Wahi, kabla hajapata nyingine."