Bado Anafumua

Mimi si mtu wa tamthilia. Niliwahi kumwambia jirani yangu Amne kwamba watu wanaolia huku wamepaka wanja hawana shida ya kweli, akaninunia siku mbili. Kwa hiyo leo nikisema kwamba tamthilia ya saa kumi alasiri ndiyo iliyoninyanyua, mjue sisemi kwa kupenda.

Jumatano moja ya mwezi wa saba nilirudishiwa mitumba mitano sokoni, marobota ya tumbaku yangu yote iliyobaki ya msimu. Mteuzi, anayekagua tumbaku na kuipa daraja, ni kijana mpole anayeitwa Raymundi. Alitumbukiza mkono katikati ya mtumba wa kwanza, akachomoa majani, akayainua juani. Ya rangi ya chungwa, ya rangi ya limau na mengine yenye ukijani, yote yalikuwa pamoja. Akafanya hivyo mitumba yote mitano, halafu akaandika "imechanganywa" bila kunitazama usoni.

Wapo wanaofanya hivyo makusudi. Hupanga majani mazuri nje na mabaya katikati, kama muuza nyanya anavyopanga nzima juu ya sado. Ghala zima likaamini kwamba mimi Nibizi ni mmoja wao. Ukweli ni kwamba upepo wa mwezi wa sita uliezua banda langu la kuchambulia, nikalifunika kwa turubai la bluu na kuchambua chini yake wiki tatu. Chini ya bluu kila jani hufanana na mwenzake. Nina miaka ishirini na miwili kwenye tumbaku, na bado niliyaamini macho yangu. Nilijikasirikia mno.

Chama chetu cha wakulima huku Ulyankulu hakina mchezo. Ukirudishiwa kwa kuchanganya, una soko moja tu la kujisafisha. Usipoleta kitu, au ukileta na mtumba mmoja tu ukakutwa umechanganywa, jina lako linafutwa, na mtu mwingine anaandikishwa kulima mahali pako. Soko la mwisho lilikuwa Jumatano inayofuata. Huyo mtu mwingine nilimjua: shemeji yangu Fideli, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye tangu mazishi amekuwa akilipima shamba langu kwa macho.

Alikuja jioni ileile, hata vumbi la sokoni sijanawa.

"Shemeji, maji yakimwagika hayazoleki," alisema kwa upole wa kuudhi. "Niachie shamba, nikulimie. Wewe upumzike."

"Hii ni tumbaku, Fideli. Si maji."

Nilijibu hivyo kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nimeshakubali. Alhamisi nzima sikuigusa ile mitumba, na Amne alipoona moshi hautoki jikoni kwangu alikuja kunivuta mkono hadi kwake, akanikalisha mbele ya televisheni yake ya sola.

Katika tamthilia hiyo kulikuwa na mwanamke fundi cherehani. Bibi harusi, binti wa tajiri, alimrushia gauni usoni kwa sababu mikono ya gauni ilikuwa imeshonwa vibaya. Nikajiandaa kwa kilio na muziki wao. Havikuja. Yule fundi aliketi sakafuni, akachukua wembe, akatafuta mwanzo wa uzi na kuanza kufumua. Alifumua mkono wa kushoto, akaja wa kulia, akaingia mabegani. Kwa muda mrefu zilisikika nyuzi tu zikikatika. Uso wake ulikuwa na hasira, lakini vidole vyake vilikwenda taratibu. Nilijikuta nimesogeza kigoda. Hapo hapo wakakata: itaendelea kesho.

"Mbona halii?" nilimuuliza Amne.

"Atalia saa ngapi, na arusi ni Jumamosi?"

Nilirudi nyumbani nikalishusha lile turubai la bluu, nikafunikia kuni.

Kiangazi tumbaku kavu huvunjika ukiigusa tu. Hulainika kwa unyevu wa alfajiri, na jua likishapanda, kazi imekwisha. Kwa hiyo nilikuwa na asubuhi tano, kila moja ya saa chache, na majani ya mitumba mitano ya kutazama moja baada ya jingine. Ijumaa nilikata kamba za mtumba wa kwanza, nikatandika mkeka ubavuni mwa nyumba penye kivuli na mwanga mweupe, nikaanza. Mwanga ule ulinionyesha uzembe wangu wote, na niliona aibu kwelikweli.

Jumamosi Amne alinikuta hapo, mgongo umekakamaa.

"Babu zangu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani," alisema. "Unadhani mzigo ukifumuka njiani waliukalia wakalia? Waliufunga upya."

"Babu zako walikuwa msafara mzima. Mimi niko peke yangu."

"Basi sogea nikae."

Akakaa. Alikuwa na macho mazuri ya kutofautisha rangi kuliko mimi, ingawa sikumwambia. Tulipopumzika nilimuuliza, "Yule fundi amefika wapi?"

"Bado anafumua," akanijibu.

Jumapili sikwenda misa. Nilimwambia Mungu kwamba tumbaku anaijua, yeye ndiye aliyeiumba. Fideli alipita akitoka kanisani, akasimama na suti yake kutuangalia, akatikisa kichwa. Nilimuuliza kama amekuja kusaidia, akakumbuka kwamba ana mgeni. Jumatatu vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu na kiuno hakinyooki. Nikamuuliza tena Amne habari za fundi.

"Bado anafumua."

"Mpaka leo? Gauni gani hilo lisiloisha?"

"Lina vifungo vingi."

Jumanne jua lilipanda tukiwa tumefunga minne. Wa tano ulikuwa bado na kamba zake. Nikautazama sana. Nani angejua? Raymundi angeweza kuchomoa jani zuri kwa bahati, na mtumba mmoja ni jasho la miezi. Amne alikuwa akifagia vumbi la majani. Niliusukuma mtumba ule ndani, nikaufungia mlango.

Jumatano sokoni watu walisogea karibu, Fideli akiwa mbele yao.

"Shikamoo, mama," alisema Raymundi.

"Marahaba, mwanangu. Fanya kazi yako."

Alitumbukiza mkono mpaka kwenye bega. Akachomoa, akainua juani. Chungwa tupu. Akageuza mtumba, akachomoa upande wa pili. Chungwa tupu. Wa pili limau, na limau tu. Alikagua minne yote hivyo.

"Kitabu kinasema mitano," alisema mwishowe.

"Wa tano uko nyumbani. Sijaufungua, kwa hiyo sijui ndani kuna nini. Siwezi kukuletea nisichokijua."

Alinitazama usoni safari hii, akamgeukia katibu wa chama na kusema, "Safi yote. Jina libaki." Fideli akaanza kuikagua saa yake.

Njiani kurudi nilikuwa nimechoka kiasi cha kucheka ovyo. Nikamwambia Amne kwamba leo saa kumi nakaa kwake, nataka kuona yule fundi anapeleka gauni na yule binti wa tajiri anaona haya.

Amne alipunguza mwendo.

"Hakulipeleka, Nibizi. Ijumaa ileile alilitia moto. Akafunga duka, akarudi kwao. Siku hizi hawamwonyeshi kabisa."

Nilisimama katikati ya barabara. "Na wewe kila siku unaniambia bado anafumua!"

"Ulikuwa unafumua," alisema Amne. "Sikuwa nasema habari zake."

Nilitaka kugomba, nikajikuta nalia pale pale barabarani, bila wanja. Amne alinisubiri nimalize. Kisha tukaenda zetu, tukikubaliana saa ya kuamka kesho kuufungua ule wa tano.