Swali Alilolikalia Mwajabu

Jumapili mchana, pilau likiwa bado halijatulia tumboni, Mwajabu Kilindo alijilaza kidogo akaota yuko kazini.

Mwajabu ni mtangazaji wa kipindi cha mazungumzo kwenye televisheni. Miaka ya nyuma kipindi hicho kilijadili katiba mpaka wageni wakarushiana karatasi. Baadaye kikajadili barabara. Tangu uchaguzi uahirishwe, kinajadili chapati.

Katika ndoto, mtayarishaji anainua kidole na kutangaza kwamba wako hewani. Studio inang'oka ardhini, inapaa. Waziri, mgeni wa siku hiyo, anaendelea kukanda unga kama kawaida.

Upepo wa kisiasa unavuma kutoka kushoto. Studio inaelea kulia, na waziri anaisifu serikali. Upepo unageuka, waziri naye anageuka, anailaani serikali, kisha anaomba samli. Chini, watu wamepanda juu ya mapaa, wanawatazama.

Mwajabu anauliza watashuka lini. Mtayarishaji anamjibu kwamba hilo halimo kwenye ratiba.

Ndipo kochi walilokalia linapokohoa. Linamweleza kwamba lenyewe huijua hali ya nchi kwa makalio. Wakati wa matumaini wageni walijitandaza. Wakati wa kampeni walirukaruka. Siku hizi wanakaa ukingoni, tayari kukimbia.

"Na wewe una swali umelikalia," linasema. "Linanichoma."

Mwajabu ananyanyuka. Swali lipo kweli, limebonyea kidogo, lina joto kama yai la kuku atamiaye. Analishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, maana wenzake wawili waliowahi kuliuliza hawana kazi tena. Anamgeukia waziri.

"Mheshimiwa, uchaguzi ni lini?"

Upepo unakatika. Chapati iliyorushwa inabaki juu, hairudi. Studio inaanza kushuka taratibu, na kabla haijagusa ardhi Mwajabu akazinduka.

Sebuleni, mumewe Hamidu alikuwa akitazama marudio ya kipindi cha Alhamisi, kile cha waziri yuleyule, ambamo Mwajabu hakuthubutu kuuliza lolote ila kiasi cha chumvi. Hamidu alipunguza sauti, akamtazama mkewe kwa woga uliochanganyika na fahari.

"Mama Nasra," alisema, "mbona hukuniambia kwamba ulimuuliza kuhusu uchaguzi?"

Simu ikaanza kuita. Alikuwa mtayarishaji. Mwajabu akajifunga khanga vizuri, akapokea.